Kitoweo cha Kunywa

Kila alfajiri, jua la Leicester likiwa bado linajishauri kama litatoka au litaahirisha, mimi huwa nimekwisha simama jikoni nikitwanga iliki nne, kijiti cha mdalasini na kipande cha tangawizi, viungo nivinunuavyo Belgrave Road, kwa bibi mmoja wa Kihindi ambaye ni miongoni mwa wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na ambaye hata leo hunipimia iliki kwa Kiswahili cha Kampala.

Viungo hivyo huvichemsha dakika tano, nikatia majani ya chai, nikaepua. Wakati huo bilauri ya maziwa baridi huwa nimekwisha itia chupani pamoja na kipimo kimoja cha unga wa protini, kwa kijiko kijacho na kopo lake, nikafunga kifuniko na kutikisa hata pakafanyika povu. Kwani unga ule ukimwagiwa chai inayotokota huganda mabongemabonge, basi ni sharti chai ipoe kidogo, kisha imiminwe polepole juu ya maziwa. Maziwa yale yana protini gramu 8 hivi, na unga huongeza gramu 20 au zaidi. Naye aonaye bei ya unga huo ni ya kufuru, na atie vijiko vikubwa viwili vya maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, atapata gramu 5 au 6, na ladha iliyo bora.

Kwetu Umwe, jirani na Ikwiriri, utotoni mwangu chai ya namna hii haikujulikana. Bonde la Rufiji lilikuwa makao ya mbung'o, na ng'ombe walikuwa haba, hata wafugaji walioondolewa Usangu mwaka 2006 walipoanza kuhamia pande zetu. Kwa hiyo staftahi yetu ilikuwa chai ya rangi iliyokolea tangawizi, na kando yake sinia ya muhogo, pamoja na kambale wa jana aliyekaangwa, au kunde zilizoungwa kwa nazi. Protini hakuna aliyeitaja, maadamu ilikuwa siniani; kazi ya chai ilikuwa kuiteremsha tu.

Nilipomweleza mama kwa simu habari za kikombe changu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, yaani huko kitoweo mnakunywa?"

Nilicheka, lakini neno lake lilinifuata hata kituo cha basi. Ni kweli, huku twanywa kitoweo, kwa kuwa aghalabu mtu hustaftahi wima, koti li begani na zamu yamngoja, wala sinia haipandi basi. Sikidharau kikombe hiki, kwani hunifikisha adhuhuri bila ya njaa; ila sinia ina adabu zake, mdogo humngoja mkubwa, na mwenye kipande kinono humegea mwenziwe, ilhali kikombe changu hakina wa kumngoja wala wa kumsazia.

Niliporejea likizo nilichukua kopo la unga ule, nikampikia mama. Alionja, akaisifu iliki, kisha badala ya kunywa tena akakiweka kikombe katikati ya sinia, kando ya muhogo, akamwambia mjukuu wake, "Onja, kisha mpe na mwenzio." Kikazunguka mkeka mzima, watu watano, na kiliponifikia mimi kilikuwa kimebaki povu.