Nyumba za Nyoka, Kutoka Watamu Mpaka Meserani

Msafiri atokaye Mombasa akishika njia ya Malindi hupita mashamba ya mkonge, hupita Kilifi na daraja lake, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke, hata afike njia panda ya Gede, penye magofu ya mji wa kale. Akikata kulia kuelekea baharini, baada ya kilomita chache yuko Watamu. Hapo pana shamba la nyoka liitwalo Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka 1980 na Bwana James Ashe. Wageni huja kuwatazama koboko, vifutu, swila na chatu, nusu kwa woga na nusu kwa kicheko. Lakini leo, msomaji mpenzi, tusiwatazame nyoka wenyewe. Tutazame nyumba zao. Maana wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Labda mtu atasema, “Nyoka ana haja gani ya nyumba njema? Mtie sandukuni, ufunge, basi.” Afanyaye hivyo atamzika nyoka wake kabla ya miezi mingi kupita. Sisi wanadamu miili yetu hujitengenezea joto kwa chakula tulacho. Nyoka hawezi. Joto lake hulipata nje, kwa jua, kwa jiwe lililopashwa na jua, na kwa udongo alalao. Asubuhi hutoka akaota jua. Mchana, joto likimzidi, huingia kichakani au shimoni. Hivyo kila siku nyoka wa porini husafiri toka juani mpaka kivulini, tena toka kivulini mpaka juani. Ukimfungia umemkatiza safari yake. Huna budi kumpa safari hiyohiyo ndani ya sanduku.

Mwalimu wetu katika jambo hili ni kichuguu. Watu wa mashamba wanajua kwamba koboko, swila na chatu hupenda kukaa katika vichuguu vya kale. Kwa nini? Nje jua huchoma na usiku baridi huuma, lakini ndani ya kichuguu joto halipandi sana wala halishuki sana. Udongo wake una unyevu kidogo, na hewa huingia na kutoka kwa matundu yake. Basi hayo ndiyo mambo matatu atakayo nyoka: joto, unyevu na hewa. Ugumu wake ni huu, kwamba ukivuta moja, mengine nayo hufuata. Ukiongeza hewa, joto na unyevu hutoroka. Ukiziba ili kutunza joto, hewa huvunda.

Tuanzie hapo Watamu. Pwani joto si shida. Mara nyingi mchana hupita digrii 28 za sentigredi, na hewa imejaa mvuke wa bahari. Hapa adui ni uvundo. Sanduku la vioo lisilo na matundu ya kutosha hutoka jasho, takataka za chini hulowa, na ukungu huota. Nyoka alalaye juu ya maji machafu hutoka malengelenge tumboni, na magamba yake huoza. Dawa ni kupitisha hewa. Toboa matundu chini upande wa baridi, na mengine juu upande wa joto. Hewa ya moto hupanda ikatoka juu, na hewa mpya huvutwa kuingia chini, kama moshi wa jikoni upandavyo kwenye tundu la paa. Kisha funika matundu kwa wavu imara. Wala usiweke kamwe sanduku la vioo juani, hata kwa muda mfupi. Kioo hukamata joto, na nyoka asiye na pa kukimbilia hufa upesi.

Sasa tupande bara, mwendo wa kilomita zaidi ya 500 mpaka Nairobi. Karibu na Makumbusho ya Taifa pana Bustani ya Nyoka ijulikanayo na watoto wengi wa shule. Nairobi iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,700, na usiku wa mwezi wa Julai kila mtu hutafuta blanketi. Nyoka wa pwani akiletwa huku bila kutiwa joto hupoa, huwa mzito, hukataa kula. Na akiwa amekula, tumbo halisagi; chakula humwozea ndani, akakitapika. Kwa hiyo mtunzaji hutia taa au kipasha joto cha umeme, lakini upande mmoja tu wa sanduku. Kwa nyoka wengi wa nchi zetu za joto, upande huo ufike digrii 30 hivi, na upande wa pili ubaki 24 au 26. Pande zote mbili ziwe na maficho, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Taa ifungwe ndani ya wavu, maana nyoka hujizungusha juu yake, naye akiungua hasikii mapema. Na umeme upitie kwenye thamostati, kile chombo kinachowasha na kuzima chenyewe kwa kipimo. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa zinasaidia, pamoja na blanketi juu ya sanduku. Lakini matundu yasizibwe yote.

Hata hivyo, si kila nyoka ataka joto la pwani. Kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, kandokando ya Naivasha, yuko nyoka mdogo mwenye vipembe juu ya macho, asiyepatikana nje ya Kenya. Huyo makao yake ni majani ya nchi ya baridi, na joto la Watamu lingemchosha. Basi kwanza ujue nyoka wako ametoka wapi, ndipo umjengee.

Tuvuke mpaka Namanga, tufike Arusha, kisha tushike njia ya Makuyuni kiasi cha kilomita 25. Hapo ni Meserani, penye bustani nyingine ya nyoka, iliyofunguliwa miaka ya 1990 ukingoni mwa nchi ya Wamasai. Wakati wa kiangazi huku vumbi hupanda na midomo hupasuka. Hapa adui amebadilika tena: ni ukavu. Nyoka akikaribia kujivua gamba, macho yake huwa meupe kama maziwa. Hewa ikiwa kavu mno, gamba halitoki zima kama soksi, bali hutoka vipandevipande, na kipande kikibaki juu ya jicho kinaweza kumharibia. Mtunzaji mwenye akili hatajimwagia maji kila mahali. Huweka kisanduku kimoja chenye majani mabichi au kitambaa chenye maji, nyoka aingie apendapo, na mahali pengine pote pabaki pakavu. Bakuli la maji likisogezwa upande wa joto, mvuke huongezeka. Likirudishwa upande wa baridi, hupungua.

Dalili za makosa si ngumu kuzisoma. Nyoka anayekaa daima upande wa joto anaona baridi. Anayejilaza katika bakuli la maji mchana kutwa huenda anaungua. Anayetoa povu mdomoni, akikoroma na kuinua kichwa apate pumzi, ameshikwa na mapafu. Naye hana nguvu ya kukohoa kama sisi. Kwa hiyo weka vipimo viwili vya joto, kimoja kila upande, na kimoja cha unyevu. Mkono wa mtu si kipimo.

Huenda wewe unayesoma hutafuga nyoka kamwe, na ni vema, maana Kenya na Tanzania sheria hairuhusu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Lakini jambo hili linakuhusu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni wakulima, wachungaji wa mifugo na watoto. Dawa ya sumu hiyo haitengenezwi bila sumu yenyewe. Nyoka hukamuliwa, sumu hudungwa kidogo kidogo katika farasi, na damu ya farasi hutoa kinga. Nyoka mgonjwa hakamuliwi. Watamu wametafuta dawa hiyo kwa ajili ya watu wasio na fedha, na Meserani wamejenga zahanati ambamo majirani walioumwa wametibiwa.

Basi ukipita njia hizo na watoto, lipeni kiingilio, mkaingie. Waonyeshe watoto taa upande mmoja na kivuli upande wa pili, bakuli la maji, na matundu yaliyotobolewa juu na chini. Hapo ndipo dawa ya mchungaji aliyeumwa huanzia.