Soda ya cola kwenye shughuli: ichanganye kabla hujaigawa

Umezoea kunisoma hapa nikieleza mbolea, viuatilifu na namna ya kupogoa michungwa. Leo twende jikoni, kwenye kona ya vinywaji. Msimu wa shughuli umefika, na kila mwaka naulizwa maswali yale yale: nichanganye nini na cola ili iwatoshe wageni? Vijana nao huuliza la kwao, ila wao hunivuta pembeni kwanza.

Neno kokteli lisikutishe. Mijini ukiagiza kokteli kwenye kibanda cha juisi unapewa parachichi na embe. Kwa watu wa baa ni kinywaji chochote kilichochanganywa. Hapa nalitumia kwa maana zote mbili, na nitakuambia wapi pana pombe na wapi hapana.

Kwanza nikueleze kwa nini jambo hili linanigusa. Kwetu soda ni heshima. Mgeni akikaa tu, mtoto anatumwa dukani mbio. Mama yangu ana kisukari, na kila aendapo kwenye msiba au harusi anafunguliwa chupa na kuletewa kwa mikono miwili. Kuikataa mbele za watu ni kazi. Chupa ya kioo ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai. Hebu mpe shangazi yako vijiko tisa vya sukari kwenye kisosi uone atakavyokutazama! Lakini ikiwa kwenye chupa hakuna anayeshangaa.

Ndiyo maana nikaanza kuchanganya. Kinywaji kilichotiwa kwenye glasi safi, kina barafu, kipande cha ndimu na jani la nanaa juu, kina heshima ileile, na hakuna anayehesabu ndani yake mna cola kiasi gani.

Mchanganyiko wangu wa siku zote ni wa mchaichai. Ndiyo, yale majani tuliyokushauri upande kwenye kingo za makinga maji yashike udongo, na mengi yanaishia kukauka pale pale. Kata konzi mbili, osha, chemsha na lita mbili za maji pamoja na kipande cha tangawizi ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa. Acha vichemke dakika kumi, chuja vizuri, usitie sukari. Pooza kabisa, kisha weka kwenye friji au kwenye ndoo ya barafu. Wakati wa kuandaa, glasi moja ipate robo ya chupa ya cola, chai hiyo ya baridi mpaka karibu na mdomo, na maji ya nusu ndimu. Kwa hesabu hiyo kreti moja ya chupa 24 inatoa glasi 96, na kila glasi ina karibu gramu 9 za sukari badala ya 37. Mfuko wako nao unapumua.

Ukiwa Muheza kama mimi, utaniuliza habari za machungwa, maana msimu ukifurika yanaozea chini ya miti huku mwenye shamba ananunua soda ya machungwa dukani. Cola na machungwa vinapatana sana. Wajerumani wana kinywaji chao kiitwacho Spezi ambacho ni cola na soda ya machungwa, na hawaoni haya kukiuza. Wewe tumia juisi halisi: sehemu moja ya cola, mbili za juisi, na chumvi kidogo sana, ile ya ncha za vidole viwili. Ila usimpe mtu wa kisukari ukidhani umemsaidia. Juisi ya chungwa ina sukari yake ya asili, inakaribia ya soda. Huyo mpe chai ya mchaichai na ndimu peke yake, au tia cola isiyo na sukari kama duka lako linayo. Na ubakize chupa moja ya cola ya kawaida ndani. Anayetumia dawa za kushusha sukari akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka mno, na hapo nusu glasi ya cola yenye sukari ndiyo msaada wa haraka, mradi bado anaweza kumeza. Akizimia usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Sasa gesi. Watu wengi wanalalamika kwamba cola ikichanganywa inakufa. Inakufa kwa sababu wanaimwaga kwenye vitu vya moto. Gesi hukaa vizuri kwenye kinywaji baridi na hutoroka kikipata joto, kwa hiyo poza vyote, hata glasi ukiweza. Cola iingie mwisho, imiminwe taratibu ukutani mwa glasi, na ukoroge mara moja tu. Makapi ya tangawizi na chungwa nayo hutoa povu, ndiyo maana nimesisitiza kuchuja. Na usiandae jagi saa nne asubuhi kwa wageni wa saa kumi. Maziwa usijaribu kabisa. Cola ina asidi, maziwa yatakatika na kuonekana kama yaliyoharibika.

Barafu naomba tuelewane. Barafu ya vifuko inayouzwa mtaani hujui maji yake yametoka wapi, na kuganda hakuui vijidudu vyote. Cola haviui, na hata pombe kwenye glasi usiitegemee. Chemsha maji, yapoe, gandisha mwenyewe siku mbili kabla. Kama huna friji, zungushia chupa hiyo barafu ya mtaani kwa nje, isiingie kwenye glasi.

Sasa la pembeni. Sitakuhubiria. Pombe kali na cola ni mchanganyiko wa dunia nzima. Wakuba wana ramu, cola na ndimu, wanaiita Cuba Libre. Wahispania wa upande wa Basque wanachanganya hata divai nyekundu na cola, nusu kwa nusu. Nyumbani kwako ukiamua, pima. Vijiko vitatu vya chakula ni kama mililita 45, na pombe ikiwa ya asilimia 35 hapo una kilevi cha bia ya mililita 300 hivi yenye asilimia 5. Kumimina kwa jicho mara nyingi ni mara mbili ya hicho. Utamu wa cola unaficha ukali, na kafeini yake inamchangamsha mtu ajione mzima. Kilevi kwenye damu hakijapungua hata tone. Mwenye bodaboda aache funguo.

Kinachonitia hofu zaidi ni rangi. Cola yenye pombe na cola tupu huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kwenye ngoma moja ya jirani nilimwona mtoto wa kama miaka minne amekumbatia chupa ya soda iliyobaki nusu, anaipeleka mdomoni. Nilimchukua nimfute uso, nikasikia harufu. Hakuna aliyesema chupa ni yake. Mama yake alikaa naye usiku kucha kwenye zahanati, kwa sababu kwa mtoto kilevi kidogo tu kinaweza kushusha sukari mwilini na kumzimisha. Aliamka salama. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu pombe haiingii kwenye jagi wala kwenye chupa ya soda. Inatiwa kwenye glasi ya mtu mzima mmoja, mbele yake, na glasi hizo ni za aina nyingine kabisa, zenye mpini. Anayeinuka anainuka na glasi yake.

Gongo na cola, hapana. Wapo wanaosema cola inaipunguza makali. Inapunguza ladha tu. Pombe isiyojulikana ilikotengenezwa inaweza kuwa na methanoli, na hiyo huitambui kwa harufu, kwa ladha wala kwa kuiwasha kiberiti. Mtu anaweza kulala vizuri, kesho yake akaamka na maumivu ya kichwa na tumbo, anatapika, macho yana ukungu. Hiyo si hangova ya kungojea ipite. Ni hospitali saa hiyo hiyo, na umwambie daktari wazi alichokunywa. Macho yakishapotea hayarudi kirahisi, na roho hairudi.

Tumalizie na ukwaju, maana nimeahidi wengi. Loweka robo kilo kwenye lita moja ya maji ya moto yaliyochemka, ukipoa ufikiche kwa mkono safi, chuja, kisha chemsha tena dakika tano. Vijiko vitatu vya rojo hiyo kwenye glasi, maji baridi nusu glasi, halafu cola kidogo juu. Uchachu wake na cola unafanana na kitu cha hotelini. Rojo inakaa kwenye friji siku nne hadi tano. Ikizidi, gandisha kwenye vikombe vidogo na utie kikombe kimoja kwenye jagi badala ya barafu.