Uvimbe wa Ami na Tangazo Langu la Ijumaa



Katika kazi za ukatibu wa kamati ya msikiti, hakuna inayoonekana nyepesi kama kusoma matangazo baada ya Swala ya Ijumaa. Nami ndiyo iliyonifunza uzito wa neno moja.

Mwaka jana ami yangu alishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Kipimo cha ultrasaundi kikaonesha uvimbe kwenye ini, na daktari akaagiza kipimo cha CT scan. Yeye aliandika “uvimbe”. Sisi nyumbani tukasoma “saratani”. Ijumaa ile nilisimama mbele ya safu nikaomba dua na michango kwa mzee wetu mgonjwa wa saratani ya ini. Ruhusa yake sikuitaka. Jioni mkewe akapokea wageni wenye nyuso za matanga. Kabla ya wiki kwisha, waliokuja kumposa binti yake wakaleta salamu kwamba jambo lile lisubiri kwanza.

Michango ilitosha, nami nikamsindikiza. Kwanza alipimwa damu ili ijulikane kama figo zake zitaimudu dawa atakayochomwa. Tulipokuwa tukingoja, daktari wa mionzi alitufahamisha kwa upole.

Ini, kwa hikima ya Muumba, hupata damu kwa njia mbili. Takriban robo huletwa na ateri, na robo tatu huletwa na mshipa mkubwa utokao matumboni. Saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe kwa kawaida hutegemea damu ya ateri. Kwa hiyo mgonjwa huchomwa dawa yenye iodini, na mashine hupiga picha kwa awamu: takriban nusu dakika baadaye, kisha ipitapo dakika moja na kidogo, kisha tena baada ya dakika chache. Saratani hiyo mara nyingi hung’aa mapema kuliko ini, kisha hufifia wakati ini linang’aa. Hemanjioma, yaani fundo la mishipa ya damu lisilo saratani, huanza kung’aa vipande vipande pembezoni, kisha mwanga ukaingia taratibu kuelekea katikati na kudumu. Kifuko cha maji haking’ai kabisa.

Uvimbe wa ami ulikuwa hemanjioma. Hakuhitaji kupasuliwa wala kutolewa kinyama cha ini.

Nilisema Alhamdulillah, kisha nikaona haya. Chuoni nilisomeshwa tafsiri ya Surat Al-Hujurat, na amri yake ya kuchunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, tukabaki na majuto. Siku zote nilidhani inawahusu wazushi wa mitaani. Sikudhani inamhusu katibu mwenye kanzu nyeupe na nia njema.

Ijumaa iliyofuata nilisimama tena, nikakiri kosa na kuomba radhi. Ami aliniambia, “Mwanangu, uvimbe nilikuwa nao mimi, lakini jina lake mlilitoa nyinyi.” Alinisamehe. Ile posa haijarudi hadi leo.

Sisemi kuwa kila uvimbe ni salama. Mwingine picha huthibitisha kuwa ni saratani, na mwingine haubainiki mpaka kwa kipimo cha MRI au kinyama. Lakini hata ingekuwa saratani, ami angekihitaji kipimo kile kile, kwani ikigunduliwa mapema huenda ikaondolewa. Basi mwenye homa ya ini aina ya B asiache kuchunguzwa mara kwa mara, hata akijiona mzima.

Sasa kamati yetu ina utaratibu: tunamwombea mgonjwa dua, na tunamchangia. Jina la maradhi yake hatulitaji mpaka daktari alithibitishe, na mwenyewe aridhie.

Wabillahi tawfiq.