Kabla ya Kuongeza Azimio, Jiulize Utaacha Nini

KILA mwaka unapokaribia kwisha, nyumba nyingi za mjini hujaa ahadi. Huyu ataacha pombe, yule ataweka akiba, mwingine ataanza kufanya mazoezi ya mwili. Ifikapo katikati ya Januari, karo imemaliza pesa, mwenye nyumba anadai kodi yake, na ahadi zile hazisikiki tena. Nami nilikuwa miongoni mwa watu hao. Kwa zaidi ya miaka kumi azimio langu lilikuwa lile lile moja, na kila mwaka nililivunja.

Niliacha shule mwaka wa 2001 nikiwa kidato cha pili. Baba alikuwa amefariki, na wazee wakaamua kwamba kidogo kilichobaki kiwasomeshe wadogo zangu wa kiume. Nilikuja Nairobi, nikapata kazi ya kufagia ofisi, nikaolewa na kujaliwa watoto watatu. Lakini kila mkesha wa mwaka mpya, watu wakishangilia kanisani saa sita ya usiku, mimi nilisema kimoyomoyo: “Mwaka huu nitarudi kusoma.”

Jioni moja mwaka wa 2016, kifungua mimba wangu, aliyekuwa darasa la nane, aliniletea hesabu iliyomshinda. Nilimwambia nina kazi jikoni. Jikoni hapakuwa na kazi yoyote. Ugali ulikuwa umeshaiva. Nilisimama pale nikisuguasugua sufuria safi hadi nilipomsikia akifunga daftari lake. Usiku huo sikupata usingizi.

Desemba ilipofika nilimwendea jirani yetu, mwalimu mstaafu, nikamweleza nia yangu. Nilitarajia anipe moyo, au walau kitabu. Badala yake alinipa karatasi na kalamu. “Andika siku yako yote,” akasema, “tangu unapoamka mpaka unapolala.”

Niliandika. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, chai, watoto, matatu, kazi. Kurudi saa kumi na mbili jioni, kupika, kuosha vyombo, kutazama televisheni kwa majirani hadi saa nne. Jumamosi asubuhi kufua, alasiri kusuka wateja nywele. Jumapili kanisa, kisha vyama viwili vya akina mama. Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaniuliza: “Sasa, mwanangu, hicho kitabu utakiweka wapi humu?”

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimimina maji katika mtungi uliojaa, kisha nikijilaumu kwamba mimi ni mvivu. Sikuwa mvivu. Sikuwa nimepanga kuacha chochote, basi.

Kuacha hakukuwa rahisi. Televisheni niliiacha kwanza, na kwa majirani ilisemekana kwamba siku hizi najiona. Nilijitoa katika chama kimoja, nikabaki na kimoja. Kusuka nywele ndiko kulikoniuma zaidi, kwa sababu kuliniletea pesa za mboga. Wateja walikwenda kwa msusi mwingine, na hadi leo hawajarudi.

Lililobaki lilikuwa kwa mume wangu. Nilimwomba apike Jumanne na Alhamisi ili nipate saa mbili za kusoma.

“Mama watoto,” akaniambia, “wanaume wa ploti hii watasema nini?”

“Baba watoto, watasema unapika. Si uongo.”

Hakucheka. Jumanne ya kwanza alinunua chapati na maharagwe kibandani. Alhamisi alipika sukumawiki yenye chumvi ya kuhifadhia samaki. Watoto walikula kimya, nami nikala, nikashukuru. Wiki ya tatu nilifika nyumbani nikakuta ameshaanza bila kukumbushwa.

Mwalimu alinirekebisha jambo lingine pia. Alisema “kurudi kusoma” si lengo, maana halina mahali linapoishia. Tukaliandika upya: kufanya mtihani wa KCSE Novemba 2018 kama mtahiniwa wa kibinafsi. Mtihani huo hutaka masomo yasiyopungua saba, na kati ya hayo Kiingereza, Kiswahili na Hisabati ni ya lazima. Tulihesabu miezi kurudi nyuma, tukagawa mada, na kila wiki nikawa na kazi inayojulikana. Jumapili jioni Mwalimu aliniuliza swali moja tu: “Umemaliza au hujamaliza?”

Nilipokata tamaa alinikumbusha habari za Mzee Kimani Maruge. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bila malipo mwaka wa 2003, mzee huyo alijitokeza, na Januari 2004 akajiunga na darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Dunia nzima ilimstaajabia, na mwaka uliofuata alikwenda New York kuhutubu kuhusu haki ya elimu. Lakini Mwalimu hakunisimulia safari ya ndege. Aliniambia kwamba mzee yule alijua hasa anachokitafuta: aweze kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na kuhesabu pesa zake asidhulumiwe. Kwa hayo alikubali kuvaa kaptura na soksi za shule na kuketi na watoto wenye umri wa vitukuu.

Mwanzoni mwa 2018 nusura yote yaharibike. Pesa za kujiandikisha nilikuwa nimezificha katika mkebe wa majani ya chai. Binti yangu akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, nasi hatukuwa na pesa nyingine. Nilifungua mkebe nikampa baba yake. Ningefanyaje? Sikutaka naye aache shule kidato cha pili kama mimi. Wiki mbili sikugusa kitabu. Kilichoniokoa ni kile chama kimoja nilichobaki nacho: mama mmoja, ambaye zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika, alinipisha nikapokea mimi.

Mtihani niliufanya. Matokeo yalitangazwa siku chache kabla ya Krismasi: C-. Hisabati nilipata D. Nilikuwa nimetamani C+, ambayo ndiyo alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, kwa hiyo nililia kidogo. Kisha Mwalimu akanieleza kwamba kwa C- kozi nyingi za stashahada zilikuwa wazi kwangu. Nilisoma jioni huku nikiendelea kufagia ofisi, na leo nafanya kazi katika maktaba. Mshahara si mkubwa. Lakini mwanangu wa mwisho akiniletea daftari, sikimbilii jikoni.

Msomaji, yamkini nawe umeshaandika orodha yako ya mwaka huu. Labda una maazimio sita au saba. Nakuomba uchukue karatasi ya pili, uandike siku yako ilivyo sasa, bila kujidanganya. Kisha futa kitu kimoja. Ikiwa huna unachokubali kufuta, azimio hilo bado ni ndoto. Mshika mbili moja humponyoka. Je, mshika saba?

Wanafunzi nao wasijione wako nje ya haya. Ratiba ya kusoma tangu alfajiri hadi usiku wa manane hupendeza ikibandikwa ukutani, lakini siku ya tatu huachwa. Afadhali saa moja iliyotolewa kwenye simu au mpira, na mtu mmoja nyumbani wa kukuuliza, “Umemaliza au hujamaliza?”

Na wewe uliye na mwenzio nyumbani, mwambie lengo lako, kisha umweleze bayana litamgharimu nini. Wangu angali anapika Alhamisi. Chumvi imepungua.

Heri ya mwaka mpya.