Sisi tu nani, na tulitumwa kazi gani?



Huu ni mwaka wetu wa mwisho hapa shuleni. Mbele ya kukaa Exetat, tunapenda kusema neno juu ya wasichana waliokua kama sisi. Mutu akitukuta njiani anauliza: «Weye uko mwanaume ao mwanamuke?» Tuko wasichana. Lakini mwendo wetu na sauti yetu nzito, watu wanaviita vya kiume. Tangu utoto tulisukuma kinga yenye mifuko ya makala, pale wenzetu walipokuwa wakisukana nywele. Kwaya ilituweka kwa teneri. Shangazi analia juu ya mahari: nani ataileta?

Hayo tunayazoea. Neno baya ni lile la kusema: «Hii ni bulozi, afunge chakula, bamuombee mpaka itoke.» Wajue wote kwamba Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto wa Kongo, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi.

Wengine wanasema mambo haya yanatoka kwa Wazungu na kwa telefone. Sivyo. Zamani katika nchi hii yetu ya Baluba, mfalme akifa, roho yake ilisemekana kumshukia mwanamke aliyeitwa Mwadi. Mwanamke huyo alikaa katika mji wa marehemu, ulioitwa kitenta, akatunza vyombo vya ufalme, akaheshimiwa kama mfalme mwenyewe. Hata mfalme mpya alimpelekea zawadi. Tena viti vya wafalme vilichongwa sura ya mwanamke anayebeba kiti kwa kichwa na mikono. Mwaka 1996 vitu vya namna hiyo vilionyeshwa kule New York, watu wakashangaa.

Hatusemi turudie mizimu. Sisi ni Wakristo. Wala hatusemi Mwadi alikuwa kama sisi: yeye hakuchaguliwa juu ya mwendo wake. Tunasema tu kwamba babu zetu waliweza kumwona mwanamke mahali pa mwanaume, na mji haukuvunjika. Walimpa mahali, tena walimpa kazi: kulinda ukumbusho wa mfalme.

Hapo ndipo tulipopata fundisho. Miaka mingi tulijiuliza «sisi tu nani?» na jibu halikuja. Tulipoanza kuuliza «tulitumwa kazi gani?» moyo ulitulia. Leo tunapiga kengele ya asubuhi, tunaamua magomvi ya bweni, na usiku mdogo mmoja akishikwa na malaria, ni sisi tunambeba mgongoni mpaka kwa muganga. Mgonjwa hajauliza bado kama mgongo ule ni wa kiume ao wa kike.

Someni pia Matendo ya Mitume, sura ya 8. Yule towashi wa Etiopia hakuwa kama wanaume wengine, lakini Filipo alipanda katika gari lake, akamfundisha, akambatiza. Hakumwambia abadilike kwanza.

Basi tunaomba mambo mawili. Ninyi wadogo, musimcheke mwenzenu juu ya sauti ao mwendo. Ninyi walimu, mukiona mtoto wa namna yetu anakaa peke yake nyuma ya darasa, mumpe kazi ya kufanya, na mumwite kwa jina lake.

Mubaki na amani.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho, Kamina