Mamluki kwenye michezo ya shule: anayeumia ni mtoto wa nani?

Msimu wa UMITASHUMTA ukifika, viwanja vya shule za msingi wilayani Serengeti na Tarime hujaa watu. Wazazi hufunga biashara mapema, bodaboda hupangwa nyuma ya goli, na watoto hukimbia peku wakiwa na jezi zinazofika magotini. Mashindano huanzia shuleni, yakapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Kwa mtoto wa darasa la sita wa Morotonga, kuchaguliwa timu ya wilaya kunaweza kuwa safari yake ya kwanza ya kwenda Musoma bila mzazi.

Ndani ya raha hiyo kuna neno ambalo kila mzazi analijua: mamluki. Huyu ni mchezaji asiye wa shule ile. Pengine amemaliza darasa la saba, pengine yuko sekondari, lakini anavalishwa jezi ya shule ya msingi na kupewa jina la mtoto mwingine. Anaambiwa, "Ukiulizwa, sema unaitwa fulani."

Mama mmoja wa Morotonga, anayeuza dagaa na nyanya sokoni Mugumu, alilijua neno hilo kwa uchungu. Mwanawe wa pili alikuwa winga wa kushoto wa timu ya shule. Kwa wiki kadhaa mtoto huyo aliamka mapema, akachota maji haraka, akakimbilia mazoezini. Siku ya fainali ya kata aliambiwa avue jezi. Aliyeivaa alikuwa kijana mwenye sauti nzito ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona darasani. Kwenye karatasi ya refa, kijana yule aliandikwa kwa jina la mtoto aliyevuliwa jezi.

Timu ilishinda bao moja kwa bila, na mfungaji akawa yule kijana. Jioni, majirani waliosikia jina tu bila kuwepo uwanjani walimsimamisha mtoto njiani kumpongeza. Mama naye alimpikia wali. Mtoto alikula kimya, na ukweli aliusema siku ya tatu, alipoulizwa kwa nini haendi tena mazoezini.

Mama alikwenda shuleni. Mwalimu hakumficha. "Mama, kila shule inafanya hivyo. Tukiwa wakweli peke yetu tutatolewa raundi ya kwanza."

Jibu hilo lina ukweli wake, na ndiyo maana tabia hii haifi. Timu ikishinda, shule inasifiwa kwenye vikao na mwalimu wa michezo anapongezwa. Ni wachache wanaouliza imeshindaje. Wazazi nao wana lawama. Mamluki akiwa wa timu pinzani tunapiga kelele, akiwa wetu tunasema ni mbinu za mpira.

Mama yule alijaribiwa mwaka uliofuata. Mwalimu wa shule nyingine alifika nyumbani kumwomba kijana wake mkubwa, aliyekuwa kidato cha kwanza lakini mwenye umbo dogo. Ilikuwa ni mechi mbili tu. Angepewa njumu mpya na nauli. Baba aliona hakuna ubaya, na njumu zilihitajika kweli. Mdogo mtu, aliyekuwa amekaa mlangoni, akauliza, "Kaka atatumia jina la nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mama akamwambia mgeni, "Mwalimu, samahani sana. Huyu haendi." Kijana mkubwa alinuna wiki nzima. Mwalimu alipata mtoto mwingine kabla jua halijazama.

Watu wazima wakidanganya umri, gharama huwaangukia watoto, na taifa letu limewahi kukaa pande zote mbili. Timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilishafuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia, kisha ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Wenzake wote walibaki nyumbani.

Mwaka 2016 mambo yaligeuka. Serengeti Boys waliifunga Congo Brazzaville 3-2 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 ugenini, wakatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Tanzania ililalamikia umri wa mchezaji mmoja wa Congo. CAF ilitaka apimwe, hakutokea, na mwaka 2017 Congo ikaondolewa. Vijana wetu wakaenda Gabon.

Kipimo chenyewe ni MRI ya kifundo cha mkono, ambacho FIFA ilianza kukitumia kwenye fainali za dunia za vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria mwaka 2009. Kinaangalia kama sehemu ya mfupa inayokua imeshafunga, jambo ambalo ni nadra kutokea kabla ya miaka 17. Karatasi inaweza kusema chochote, lakini mfupa haubadilishwi tarehe.

Marekani nako yalitokea. Mwaka 2001, Danny Almonte alisifiwa sana kwenye mashindano ya besiboli ya watoto wasiozidi miaka 12. Baadaye ikabainika ana miaka 14. Timu yake ilifutiwa ushindi wote. Vyeti vilishughulikiwa na watu wazima, lakini jina lililozunguka dunia nzima likiwa na aibu ni la mtoto.

Kwenye kata zetu hakuna MRI wala haihitajiki. Walimu, wanafunzi na wazazi wanajuana. Kinachohitajika ni utaratibu mdogo. Orodha ya wachezaji ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule siku chache kabla ya mechi, ili yeyote aisome. Kila mwanafunzi ana namba ya PREM aliyosajiliwa nayo, kwa hiyo mkuu wa shule anaweza kuthibitisha jina na darasa bila gharama.

Waamuzi nao waangaliwe. Refa anayefundisha shule mojawapo inayocheza yuko kwenye mtego hata akiwa mwadilifu, hivyo atafutwe wa kata nyingine. Kwa kwaya na ngoma, kila jaji asome alama zake mbele ya vikundi vyote mara vinapomaliza. Alama zinazojumlishwa ofisini huzaa maneno, hata kama zilikuwa za haki.

Nyumbani, mzazi ana kazi mbili. Kwanza, asikubali mtoto wake aitikie jina la mwingine, hata kama atapewa njumu. Mtoto anayefundishwa kusema uongo mbele ya refa atautumia uongo huohuo mbele ya mzazi wake. Pili, amsikilize mtoto aliyeachwa. Asimwambie "ni mchezo tu", kwa sababu kwake haukuwa mchezo tu. Amwambie wazi kwamba alionewa, na kwamba kosa si lake.

Kumvamia mwalimu uwanjani mbele ya watoto hakusaidii. Kunamwaibisha mtoto mara ya pili, na mwaka ujao huenda hata jina lake lisiandikwe. Mahali pa kuyasema haya ni kwenye kikao cha wazazi cha mwanzoni mwa mwaka, kabla timu haijachaguliwa na jezi hazijagawiwa.