Maneno 800 Kuhusu Kabati

Kabati za jikoni zinazong'aa nilizijua kwa maandishi kabla sijawahi kuzigusa. Mteja alikuwa Uingereza. Kazi ilinifikia kupitia jamaa mmoja wa Roysambu aliyejikatia chake kwanza, mimi nikabaki na senti hamsini kwa neno. Maneno 800, shilingi 400. Mada: namna ya kusafisha milango hiyo bila kuikwaruza. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imenilemea, na nilikuwa naandika chochote kilichokuja: meno ya mbwa, bima ya safari, mazulia. Hiyo ya kabati niliimaliza saa sita usiku pale kwetu Kawangware, mama akiwa amelala nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka kwa laptopu.

Nakumbuka nilicheka. Nani hulipia mtu amwambie vile ya kupangusa mlango?

Mama huosha nyumba za watu Kileleshwa na Lavington, kila siku na nyumba yake. Ile ya Jumatano ilikuwa mpya kwake. Mwenyewe alikuwa amehamia juzi tu, jikoni nyeupe pe, milango haina hata mahali pa kushika, ati unaibonyeza tu inafunguka. Mama alirudi akisema pale mtu anaweza kujichana nywele akijitazama. Sijawahi kumsikia akisifu jikoni nyingine.

Sasa, mama alilelewa na shosho aliyesugua sufuria kwa majivu na mchanga. Sufuria ikikaa nyeusi, wageni watasema nini? Katika nyumba hiyo usafi ulitoka kwa mkono, na mkono usiochoka haukuwa umefanya kitu. Hivyo ndivyo na mimi nilivyofunzwa kuosha vyombo.

Milango iliyo karibu na jiko ilikuwa imerukiwa na mafuta, na mafuta yakanasa vumbi. Huko Kileleshwa kila upande kuna ghorofa linapanda, vumbi la simiti haliishi. Mama akanyunyiza unga wa kusugulia, akachukua sponji, akaigeuza upande wa kijani. Akasugua kwa mviringo, asubuhi, taa zikiwa zimezimwa. Uchafu ukatoka. Akarudi nyumbani akijua amefanya kazi.

Jioni mwenye nyumba akawasha zile taa za utepe zilizobandikwa chini ya kabati. Mwanga wa ubavuni hauna huruma. Akapiga picha, akatuma WhatsApp. "Ebu nisomee," mama akaniambia, akininyooshea simu. Kwenye picha kulikuwa na mikwaruzo midogo midogo, mamia, imezunguka kama utando wa buibui. Chini yake: anti, umeniharibia milango minne.

"Nilisugua uchafu," mama akasema. "Kwani alitaka niuache?"

Nilinyamaza. Jibu nilikuwa nalo, tena miezi minne, kwenye faili, kwa Kiingereza safi.

Hakufutwa kazi. Milango ilibadilishwa, na mama akawa anakatwa mia tano kila Jumatano hadi elfu sita iishe. Siku yenyewe hulipwa elfu moja, kwa hivyo Jumatano kumi na mbili alifanya kazi kwa nusu mshahara. Mwenye nyumba si mtu mbaya, na chai humpatia, lakini hilo silisamehi haraka. Ule unga na ile sponji mama hakutoka navyo nyumbani. Vilikuwa chini ya sinki, vimenunuliwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Siku ya kubadilisha milango nilimsindikiza. Fundi alinionyesha ukingo wa mlango uliong'olewa: ndani ni MDF, juu ni ngozi nyembamba ya plastiki iliyobandikwa kwa joto. Akasema ingekuwa akriliki nene au rangi ya kupuliziwa, labda mikwaruzo myepesi ingepigwa polishi ikapungua. Hii ukipiga polishi unamaliza ngozi. Tulimwomba mlango mmoja mbovu, tukaupandisha matatu nao. Makanga akatulipisha kiti chake.

Nyumbani nikauegemeza ukutani, nikafungua ile makala, nikaanza kumsomea mama kwa Kiswahili. Vumbi halipanguswi kavu. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko plastiki, ukizikokota na kitambaa kikavu ni kama umeshika msasa. Chovya kitambaa laini kwenye maji vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kamua, pitisha polepole bila kukandamiza, geuza upande safi. Mafuta yakiwa yameganda usipigane nayo. Yafunike kwa kitambaa chenye maji ya sabuni dakika chache, yalainike yenyewe. Kisha kitambaa cha maji matupu, kisha kikavu hapo hapo, kwa sababu maji yakikaa kwenye ukingo huingia ndani na MDF ikavimba kama mandazi. Stilwulu, thina, unga wa kusugulia, hapana.

"Bila nguvu kabisa?" mama akauliza.

"Bila nguvu."

Alijaribu. Mkono wake ulikuwa ukikandamiza wenyewe, anaurudisha, unakandamiza tena. Vitambaa vya maikrofaiba hatukuwa navyo, basi akachukua fulana yangu ya wiki ya kwanza chuoni, pamba iliyofuliwa ikalainika, akaikata vipande. Nembo ya kifuani aliizungushia makasi akaitoa, maana ile rangi iliyokauka ni ngumu, ingekwaruza. Hilo halikuwa kwenye makala yangu.

Akiwa bado anapangusa akauliza haya yote nimeyatoa wapi. Nikamwambia.

"Uliandika lini?"

"Machi."

"Wakakulipa ngapi?"

"Mia nne."

Akaikamua nguo, akaitundika kwenye kamba ya dirishani. Akakaa kitandani, akavua viatu kimoja kimoja.

"Sasa unaandika nini?"

Nilikuwa naandika kuhusu kutoa kutu kwenye vifaa vya bustani.

"Soma," akasema.

Bustani hatuna. Nilimsomea yote, naye akasikiliza hadi mwisho.